Siku Dobi Alipoyatia Kanji Matanga ya Chuchunge

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo mapema: yule kijana mliyesikia aliopolewa majini pale Kivukoni akiwa amejaa uji mweupe kuanzia nywele hadi soksi, mbele ya wanunuzi wa samaki, mbele ya mgeni aliyekuja na meli kwa ajili yetu, na mbele ya mama yake mzazi, ni mimi. Najua wengine mmeongeza chumvi, mmesema nililia (sikulia, ilikuwa kanji ya dobi machoni) na kwamba mnadi samaki aliniuza (hakuniuza, alijaribu kuuza tanga, nitalifikia hilo), lakini kiini chake ni kweli, na kwa kuwa kila mnapokisimulia mnakiharibu, afadhali nikisimulie mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua. Nina cherehani pale barazani kwa Bwana Mulji, muuza nguo wa Mtaa wa Kongo, na ushonaji sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kufumua magauni ya mama yangu na kuyashona upya kabla hajarudi sokoni. Kiingereza nacho nilikiokota kwenye magazeti ya zamani ambayo Bwana Mulji alikuwa akiyanunua kwa ratili ili afungie wateja bidhaa. Sasa mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja, hajui pa kuishia, maana hakuna mwalimu wa kumwambia "inatosha." Mimi shati la mteja naweza kulifumua kola mara tatu kwa kosa ambalo mteja mwenyewe ukimwonyesha halioni. Ndiyo maana Kariakoo nzima iliniita Bwana Inchi, na hata watoto nikipita walikuwa wakinipimia barabara kwa viganja.

Katika gazeti mojawapo ndimo mimi na Harish, mtoto wa Bwana Mulji (tumekua pamoja, tumechapwa pamoja), tulimoona picha za mashua ndogo za mashindano. Jambo lililotuvutia ni kwamba huko wenzetu hawashindanishi mashua yoyote na yoyote. Mashua hupangwa kwa aina, na zile za aina moja hutakiwa zilingane ubavu kwa ubavu na tanga kwa tanga, ili anayeshinda awe ameshinda kwa akili yake na mkono wake, si kwa ukubwa wa mfuko wa baba yake. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Fikirini, mtu mwenye ugonjwa wangu anaambiwa kuna mchezo ambao kulingana ndiyo sheria yake!

Basi Harish akachora, mimi nikapima, na Aminieli akajenga. Aminieli ni seremala wa Gerezani, mtu wa Machame, ambaye bahari aliiona akiwa mtu mzima na hakuipenda. "Nitawajengea," alituambia, "lakini msinipandishe. Kwetu maji yanakaa kwenye mfereji, na mfereji haukufuati ulipo." Akatujengea mashua za watu wawili wawili, nyembamba, zenye pua ndefu, nasi tukaziita Chuchunge, kama yule samaki, kwa ajili ya pua hiyo. Tulipokuwa na Chuchunge tano, na vijana kumi waliojua kuziendesha bila kugongana sana, Harish alivaa tai akaenda klabu moja ya mashua hapa mjini kuomba tushindane nao. Katibu wao akamjibu kwa adabu kabisa kwamba haiwezekani kwa kuwa mashua zetu si za aina inayotambulika.

Sote tulijua kuna sababu nyingine aliyoimeza, lakini Harish alimshika kwa ile aliyoitema.

"Kasema hatutambuliki," alirudi akisema, huku akifungua tai. "Basi tutatambulika. Tutatambulika mpaka achoke."

Akaandika barua kwa ule umoja wa Ulaya unaotunza aina za mashua za mashindano duniani, nao wakajibu. Nilidhani watatucheka. Hawakutucheka, walitueleza njia. Kwanza aina iwe na michoro na sheria zilizoandikwa, kila kipimo mahali pake. Pili iwe na mashua zinazoshindana katika nchi zaidi ya moja, isiwe mchezo wa mtaa mmoja. Tatu, mpimaji asiyekuwa mwenzetu azipime mashua hizo zote aone kama kweli ni ndugu. Zikilingana, chama cha vyama vya pwani yetu kitazipendekeza, kisha mkutano wao mkuu utapiga kura, na aina ikipita inapata jina lake katika orodha ya kimataifa, na hapo hakuna katibu wa klabu yoyote anayeweza kusema haijui.

Harish ana ndugu kila bandari. Michoro ikaenda Unguja, ikaenda Mombasa, na baada ya muda tukasikia Chuchunge zimeshaingia maji huko pia. Nchi tatu, kila bandari na serikali yake! Ndipo tukaambiwa kwamba mpimaji yuko njiani na meli, ataanza Mombasa, apite Unguja, amalizie kwetu, na kwamba sisi tukikosea, si sisi tu tutakaoanguka, bali zote tatu, maana aina ni moja na hukumu ni moja. Akishuka kusini na meli yake, nani angemrudisha?

Angekuja Jumamosi. Alhamisi asubuhi nilimaliza kushona matanga yote matano, mapya, ya nguo ya marekani nzito ya jora moja kutoka rafu ya Bwana Mulji, na niliyapima mpaka tepu ikaanza kufutika namba. Yalilingana na sheria kama sarafu na sarafu. Nikayatandaza barazani niyaangalie kwa raha, na hapo nikaliona doa, kwenye tanga la mashua yangu na Harish. Doa la mafuta ya cherehani, kubwa kama punje ya dengu.

Nikamwita Harish. Akainama.

"Liko wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye ncha ya kidole changu, bwana!"

"Hilo? Bwana Inchi, mtu akiliona hilo tanga likiwa juu ya mlingoti, huyo si mpimaji, huyo ni mwewe. Liache."

Na mimi ningeliacha, wallahi ningeliacha, kama si lile doa kuniangalia. Nikishona, linaniangalia. Nikila, linaniangalia. Ilipofika alasiri nikaamua jambo dogo tu: nitalipeleka kwa dobi. Kisha nikafikiri kwamba tanga moja likifuliwa litakuwa jeupe kuliko mengine manne, na mgeni ataona mashua moja inang'aa na nyingine zimefifia, atasema hawa hawalingani. Basi nikayapeleka yote matano. Harish sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba doa lilikuwa linaniangalia?

Dobi wetu ni Mzee Ramji wa Mtaa wa Swahili, mtu mwema, mwenye pasi ya mkaa kubwa kama meli, ambaye nguo za nyumbani kwetu amezifua tangu sijazaliwa.

"Shikamoo, Mzee Ramji."

"Marahaba, mwanangu. Shuka za nani hizi kubwa namna hii? Mmefuga tembo?"

"Matanga ya mashua. Kuna doa moja hapa, nataka litoke. Kuna Mzungu anakuja Jumamosi kuyapima."

Akaacha pasi. "Mzungu ataziona nguo zangu?"

"Atazipima kwa tepu."

"Basi niachie mimi," akasema, macho yake yaking'aa, na mimi, mjinga, nikamwachia.

Sasa hapa ndipo ninapoona haya hasa, kuliko hata pale majini. Mimi ni mshonaji. Kila siku barazani nawaambia akina mama, "Marekani hii itarudi, mama, ikiingia maji itapungua, niache niikate kubwa kidogo." Nalisema hilo kama mtu anavyotoa salamu. Lakini yale matanga hayakuwa marekani tena kichwani mwangu, yalikuwa vifaa vya kimataifa, na kitu cha kimataifa nilidhani hakirudi.

Jumamosi asubuhi nikaenda kuyachukua. Mzee Ramji alikuwa ameyapanga juu ya meza, yamekunjwa kama mashati ya harusi, meupe mpaka yana ubuluu. "Nimeyachemsha," akaniambia, "nimeyatia buluu, nimeyatia kanji mara mbili. Kanji kama ya koti la hakimu! Mzungu wako akiyagusa atajikata kidole." Nikaligonga moja kwa ukucha, likaitika kama debe. Kwenye pembe ya chini ya kila tanga, kwa ule wino wao usiofutika, alikuwa ametia alama ya nyumba yetu, nukta tatu na ndoano, alama ile ile iliyoko ndani ya kola za mashati yangu yote.

Nikafika barazani, nikafungua la kwanza, nikaweka tepu. Nikaweka tena. Nikafikiri tepu imerefuka. Shibiri nzima na zaidi ilikuwa imepotea urefuni! Nikapima la pili, nalo. La tatu, nalo. Nikaketi juu ya jora la khanga.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Harish hapo hapo akamwambia. Mimi nilikimbilia sokoni na lile tanga la mashua yetu begani, nikawakuta wapagazi wamekaa juu ya magunia wakingoja mizigo, nikawaomba wanisaidie kulivuta. Wanne huku, wanne huku, katikati ya njia, kati ya wauza vitunguu na wauza nazi. Na Kariakoo, ukikuta watu wanane wanavutana kitambaa, huwezi kupita bila kusimama.

"Wanagombea nini hao?"

"Urithi."

"Marehemu kaacha shuka moja tu?"

"Kaza, upande wa Rufiji! Mnashindwa na watu wa Mafia!"

"Bwana Inchi kapoteza inchi!" akapiga kelele muuza nazi mmoja, na kumbe alikuwa amesema kweli bila kujua.

Walilivuta kweli kweli. Upande mmoja, wa wale wenye vifua, ukaongezeka kidogo. Upande wa pili ukakataa. Tanga likawa limekwenda upande kama kanzu iliyofungwa vifungo vibaya, na sikupata nafasi ya kulinyoosha wala ya kuyagusa mengine manne, kwa sababu niliporudi barazani mkokoteni ulikuwa umefika na Harish alikuwa juu yake, kavaa tai ile ile.

"Matanga tayari?"

"Tayari," nikasema. Nikayapakia yote matano, lile lililovutwa chini kabisa.

Kivukoni kulikuwa kumejaa. Tuliomba sehemu ya mchanga kando ya pale wanaponadi samaki, na habari ilikuwa imetembea: vijana wote kumi, jamaa zao, Bwana Mulji mwenyewe na mwavuli, mama yangu, Bi. Zuhura, na mashoga zake wawili waliovaa khanga mpya, na Mzee Ramji dobi, aliyefunga kibanda chake mchana kweupe kuja kuona kazi yake ikitukuzwa. Mpimaji alikuwa bwana mmoja mrefu, pua nyekundu kwa jua, mpole, suruali nyeupe. Hakuzungumza mengi. Alipiga magoti mchangani akapima mashua zote tano, kwa tepu na kwa vile vibao vyake vya kukagua mbavu, na kila alipomaliza moja alitikisa kichwa kukubali, na kila alipotikisa kichwa Aminieli alinifinya mkono. Ya tano ilipopita, Aminieli alijisahau akapanda ndani ya mashua (ilikuwa nchi kavu) akasimama kama jumbe.

"Sasa matanga," Harish akasema, akiwa amejaa furaha usoni.

Hapo nikafanya uamuzi wa pili wa kijinga. Nilijiambia kwamba tanga likipata upepo na maji kidogo, kanji italegea, nalo litajinyoosha lirudie urefu wake. Nikadakia, "Harish, kwa nini mgeni asiione kwanza mashua inavyokimbia? Anywe dafu, sisi tuzunguke mara moja." Harish alipenda sana. Mgeni akapewa dafu. Nasi tukapandisha tanga la mashua yetu.

Halikupanda kama tanga, jamani. Lilipanda likikunjuka kwa mafundo, pa, pa, pa, na lilipofika juu likasimama wima, bapa, halitikisiki, upande mmoja mrefu na upande mmoja mfupi. Kisha mnadi samaki, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akaacha nguru wake akatuelekea:

"Haya haya! Mlango! Mlango wa nyumba, umepigwa pasi, bawaba hauna! Nani anajenga? Nani ana nyumba isiyo na mlango?"

"Mlango umekwenda upande!" mtu akajibu.

"Na nyumba yako je? Imenyooka?"

Ufuo mzima ukacheka. Harish akanigeukia. "Tanga limefanya nini?" Nikamwambia, "Twende tu, litalainika," nikaisukuma mashua.

Upepo ulipotushika tanga halikujaa, lilizuia tu, kama mtu aliyesimama mlangoni, na mashua ikaanza kwenda ubavu badala ya kwenda mbele, kama kaa. Kisha wimbi likaturushia maji. Kanji ya Mzee Ramji, mara mbili, ikaonja maji. Nusu ya chini ya tanga ikalegea ikawa inachuruzika uji, nusu ya juu ikabaki mlango, na mlango ule ukapata upepo wake peke yake ukatuangusha taratibu, kwa heshima kabisa, mpaka tukawa ndani ya maji na tanga juu ya kichwa changu, limenikumbatia, likinitemea uji masikioni. Harish anaogelea vizuri, akatoka. Mimi walinivua wavuvi kwa ndoana ya kuvutia ngalawa, tanga na yote, wakanimwaga mchangani.

Mama yangu akasogea, akaniangalia tangu juu mpaka chini, akajipangusa jicho. Hakuniuliza kama ni mzima. "Kanji yote hiyo," akasema, "na mimi juzi nimekosa ya khanga zangu."

Nilipopangusa macho yangu, nikaona jambo lililonitisha kuliko bahari. Mgeni hakuwa amengoja. Alikuwa amemaliza dafu lake, ameyafungua yale matanga mengine manne yaliyobaki makavu, ameyatandaza, na amepiga magoti juu yake na tepu. Uso umekunjamana. Akaweka kidole kwenye pembe ya tanga moja, kwenye zile nukta tatu na ndoano, akasema neno kwa Harish.

"Anauliza hii alama ni ya nani," Harish akatafsiri, maji yakimtiririka kwenye tai. "Anasema huko kwao mpimaji akishalipitisha tanga hulitia alama pembeni. Anauliza ni mpimaji gani wetu aliyeyatia alama matanga yenye kipimo hiki." Alikuwa akinitazama kwa macho ya kuomba. Hakujua chochote, ila alijua kwamba kuna jambo, na alitaka niseme jina la mtu, mtu yeyote, ili tusianguke.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na jina tayari mdomoni, la fundi mmoja wa mji wa Tanga ambaye hajawahi kuwapo duniani. Lakini nilikuwa nimefunikwa uji, na mtu aliyefunikwa uji hana tena heshima ya kuilinda, na kile Kiingereza changu cha gazetini kikanitoka chote mara moja, kwa matamshi ambayo Harish mpaka leo anayaiga. Nilimwambia mgeni: hiyo ni alama ya dobi. Ni alama ya mashati yangu. Matanga yalikuwa na kipimo cha sheria siku ya Alhamisi, mimi ndiye niliyeyapeleka yakafuliwa, yamerudi, na wenzangu hawajui, na watu wa Unguja na Mombasa hawana kosa.

Harish akaketi mchangani.

"Uliyapeleka kwa dobi."

"Niliyapeleka."

"Kwa sababu ya lile doa."

"Kwa sababu ya lile doa."

Akaikamua tai yake. "Na limetoka?"

Tukalivuta lile tanga lililolowa, tukalitafuta doa. Lilikuwapo. Mahali pale pale, kubwa kama punje ya dengu, na jeusi kidogo kuliko mwanzo. Sijui nani alianza kucheka, nafikiri ni Aminieli, lakini Harish alikuwa wa pili, na alipocheka ndipo nikapata pumzi.

Mgeni yeye hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye tepu yake. Akapima tanga la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo, kisha akaomba lile letu, akalipima, akatikisa kichwa kukataa. Akamwita Harish akamweleza maneno mengi, na kadiri alivyoeleza Harish alizidi kusimama wima.

"Anasema haya manne yamepungua," Harish akatuambia, "lakini yamepungua sawa sawa. Hayapishani hata uzi. Letu ndilo lililopishana. Anauliza letu lilifanywa nini."

"Lilivutwa," nikasema. "Na wapagazi."

Akatafsiri. Mgeni akafumba macho kwa muda.

Kisha yakamtoka ya Mombasa na Unguja. Kumbe huko alikuta mashua nzuri na matanga mabaya. Yote yalikatwa kwa kipimo cha sheria, lakini lililowahi kunyeshewa lilikuwa fupi, ambalo halijanyeshewa lilikuwa refu, hata mawili yaliyolingana hakuyapata, na alikuwa amekwisha kuandika moyoni kwamba Chuchunge ni aina isiyoweza kulingana, kwa sababu nguo yake haitulii. Alikuja kwetu kukamilisha safari tu. Na hapa anakuta manne yaliyokwisha kurudi kadiri yawezavyo kurudi, yametulia, ndugu kabisa. Akasema anataka kumwona mtu aliyeyafua.

Tukageuka kumtafuta Mzee Ramji. Alikuwa ameshafika nyuma ya mizani ya samaki, anaondoka kidogo kidogo.

"Mzee Ramji! Mzungu anakuita!"

"Mimi simo!" akapiga kelele. "Mimi nafua shuka tu! Kijana ndiye aliyeleta!"

"Anakusifu, mzee!"

Akasimama. "Anasifu nini?"

"Ufuaji."

Akarudi, polepole, akijinyoosha koti, na alipofika mbele ya mgeni akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Kigamboni, "Nukta tatu na ndoano, ni mimi."

Sitawadanganya kwamba tulipita siku ile. Hatukupita. Sheria iliyoandikwa ilikuwa na kipimo chake, na matanga yetu hayakukifikia, basi. Lakini mgeni aliketi juu ya tenga la samaki lililofunikwa, na mimi na Harish chini mchangani, tukaandika kifungu kipya: kwamba nguo ya tanga la Chuchunge ichemshwe na kuanikwa kwanza, bila kanji (hapo alinitazama), ndipo ikatwe, ndipo ipimwe, na lililopita litiwe alama. Akachukua kifungu hicho, akasema meli yake itapita tena ikirudi kaskazini, tuwaandikie wenzetu washone upya.

Wakashona. Nikashona. Meli ikarudi, akatupima sisi, kisha Unguja, kisha Mombasa, na safari hii hakukunja uso bandari yoyote. Chama cha pwani kimetupendekeza, karatasi ziko Ulaya, na tunangoja mkutano wao upige kura. Huenda tukapita, huenda tukaambiwa tuongeze nchi kwanza (Harish ameshapata binamu yake huko Lourenço Marques, anamwandikia kila wiki). Katibu wa ile klabu naye amesikia, akatuma neno kwamba tunaweza kushindana nao Jumamosi moja, kama wageni. Harish alijibu kwa adabu kabisa kwamba tutafika, na kwamba wao pia wanakaribishwa kwetu, kama wageni.

Ulaya walipotuuliza alama ya kutia kwenye matanga, tulibishana siku nyingi, wengine wanataka nyota, wengine samaki mwenye pua, mwisho tukarudi kwenye nukta tatu na ndoano. Iko hata Mombasa sasa. Mzee Ramji hupita barazani pangu akaniuliza, "Ulaya wamejibu?" kana kwamba wanaijibu barua yake, na mashati yangu ameanza kuyafua bila malipo, ila anayatia kanji mno, na siwezi kumwambia.

Nami nimeapa mambo mawili. La kwanza, nikiharibu kitu nitasema kabla sijakitengeneza, maana manne niliyoyaacha na makosa yake ndiyo yaliyotuokoa, na lile moja nililolirekebisha kwa siri ndilo lililonizamisha. La pili ni gumu zaidi kwangu. Nilipokuwa nikishona tanga jipya la mashua yetu, karibu na mwisho, cherehani ilitema tone. Harish alikuwa amesimama nyuma yangu, aliliona, akangoja. Nilikata uzi, nikalikunja tanga na doa lake ndani, nikamkabidhi.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari," nikamwambia.